Kibao cha 50: tupeane uzoefu wa tochi na mwendo wa njia kuu

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wa sita naendesha Crown Athlete, V6 ya cc 2500, na Dar–Dodoma naipiga karibu kila mwezi. Gari hili nalipenda sana, ila lina utulivu wa hatari. Ukiwa 110 mwili unahisi uko 60, usipoangalia mshale unadanganyika.

Mwezi uliopita nimeipita Dumila, naitafuta Gairo. Nikakuta kibao cha 50, nikashusha vizuri. Nyumba zikaisha, mahindi kulia na kushoto, nikajua kijiji kimekwisha, nikakanyaga. Tochi, ile kamera ya askari ya kupima mwendo, ikanipata kwenye 74. Askari akanionyesha picha, namba zangu zinasomeka bila shaka yoyote. Nikamuuliza kibao cha kumaliza 50 kiko wapi. Akaninyooshea kidole mbele, kama mita mia mbili hivi: kilikuwepo kweli, tawi la mwarobaini limekifunika, inaonekana nguzo tu. Nikaandikiwa 30,000, nikalipa.

Sheria yenyewe siipingi hata kidogo. Ukiwa 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, ukiwa 50 ni 14. Na mwendo ukizidi mara mbili, breki inahitaji umbali mara nne. Mtoto akikatiza na ndoo kichwani, hapo ndipo tofauti ilipo. Ninachoomba ni kibao kionekane. Kisipoonekana dereva anaanza kukisia, na anayekisia macho yake yanamtafuta askari vichakani, hayamtazami mtoto pembeni ya lami.

Nanyi yaliwakuta wapi?

*

Mwenye IST, Morogoro:
Mkuu, pole. Mimi naongelea kuwashiana taa. Usiku mmoja karibu na Mikese lori liliniwashia mara mbili, nikasema tochi hiyo, nikashuka mpaka 40. Baada ya kona nikakuta ng'ombe wamelala barabarani, kundi zima. Tangu siku ile nikiwashiwa sijiulizi ni nini, napunguza.

*

Dereva wa basi, Dodoma:
Sisi mwisho wetu 80, na basi lina VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo. Ukizidisha inapiga kelele na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wanaona huko waliko. Zamani abiria walikuwa wananihimiza, "dereva tutafika kesho?" Siku hizi ikilia wao ndio wanaogeuka kunitazama. Nimeizoea, na usingizi napata.

*

Mama wa duka, Kibaigwa:
Naomba na mimi nisiye na gari niseme. Duka langu linatazama barabara. Hapa ni soko la mahindi, malori yanaingia na kutoka kutwa, na asubuhi kabla ya saa moja watoto wa shule wanavuka giza bado halijaisha. Nikiwa ndani nafagia najua gari lililopunguza na lisilopunguza, kwa mlio wa tairi tu. Askari akiwepo barabara inapoa. Akiondoka kwenda kula, dakika tano hazipiti inarudi vilevile. Mwanangu yuko darasa la pili. Nimemfundisha gari likishaonekana kwenye mnara wa simu asivuke, hata kama anaona liko mbali, kwa sababu mtoto hawezi kupima mwendo. Anasimama pale ameshika mkono wa mdogo wake mpaka lipite.

*

Mwanzisha uzi:
Mama, asante sana. Huo mnara naujua, na nakiri nimeshaupita pale nikiwa 80, najiambia barabara nyeupe. Ijumaa napita tena, Crown nyeusi. Nitaanza kushusha kabla ya mnara.

Wa njia ya Iringa bado hamjasema kitu. Wanaopita Mikumi usiku, tembo akiwa amesimama katikati ya lami mnafanyaje, mnazima taa au mnaziacha?