Gumzo la kikundi: Akina Mama wa Mtaa

Mama Upendo: Habari za asubuhi, akina mama. Usiku wa jana watoto wa jirani yetu anayepigwa na mumewe walikimbilia kwangu tena, peku. Naomba tusimtaje kwa jina humu, kwa kuwa baadhi ya simu zetu husomwa na waume zetu, lakini nauliza tumsaidieje zaidi ya kumwambia avumilie.

Bi Zuhura: Poleni, wanangu. Mimi ningeshauri wazee wa pande zote mbili wakae wawasuluhishe kabla nyumba haijavunjika.

Mwalimu Rehema: Shikamoo, Bi Zuhura. Kwa heshima zote, kumkalisha aliyepigwa mbele ya aliyempiga, huku majeraha bado mabichi, ni kumtia hatarini, kwa sababu kila atakalolisema pale atalilipia usiku wakibaki wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Bi Zuhura: Marahaba. Basi kwa nini haondoki, angalau kwa ajili ya watoto?

Mama Upendo: Bi Zuhura, ni kwa ajili yao hao hao. Huwalisha na kuwalaza mapema kabla baba yao hajarudi, na mkubwa ameshafundishwa kuwa mama akimtuma chumvi saa hizo, amshike mdogo wake mkono waje kwangu, nami huwafungulia bila kuuliza neno. Vyeti vyao vya kuzaliwa na kadi za kliniki ninazo mimi. Anachokiogopa ni kunyang'anywa watoto akiondoka, maana mumewe humtishia hivyo kila mara.

Mwalimu Rehema: Vitisho hivyo si sheria. Kifungu cha 125 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, na aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama yake, isipokuwa upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Mkubwa naye, akiwa na umri wa kujieleza, husikilizwa.

Mama Neema (mjumbe): Akiwa tayari, nitamsindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, apewe PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ili daktari aandike majeraha yangali yanaonekana, kwani fomu hiyo ndiyo itakayomtetea baadaye. Mkubwa akariri namba 116, ambayo ni simu ya bure ya watoto. Ila asimtangazie mumewe kwamba anaondoka, kwa kuwa siku za kuondoka ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote.

Bi Zuhura: Kuhusu ndoa bado nina yangu ya kusema, lakini chumba changu cha uani ni kitupu. Waje na mama yao.

Mama Upendo: Ahsante sana, Bi. Mjumbe, naomba tuendelee kwa simu, si humu.