Naomba ushauri: madaktari bingwa wetu hawakubaliani alama za upasuaji

Wakuu habari zenu. Nipo Moshi, nasimamia madaktari wanaosomea upasuaji. Tunatumia fomu ya OSATS, ya kupima ustadi wa mikono wa anayepasua, ile iliyoanzia Toronto miaka ya 1990, alama 1 hadi 5: anavyoshika vifaa, anavyojali tishu, mtiririko wa kazi. Juzi tulitazama video moja ya mwanafunzi akishona utumbo. Bingwa mmoja kampa 2, mwingine 5! (Huyo wa 5 nadhani alimtambua kijana kwa mikono tu.)

Nataka kuwanoa watathmini: video zisizo na jina wala sura, kila mtu ajaze peke yake, kisha tubishane mpaka 3 iwe na maana moja kwetu sote. Shida ni kwamba mabingwa hao ni wakubwa zangu kikazi. Mliowahi kufanya hili, mlianza na video ngapi? Na bingwa asiyetaka kurekebishwa mlimwingiaje?