Naomba ushauri: Nisajili taasisi ya misaada sasa, au nikuze mtaji kwanza?

Mwenye Duka, Moshi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina duka la vifaa vya ujenzi, na kwa muda sasa nimekuwa nikiwalipia ada ya chuo cha ufundi vijana kadhaa wa mtaani kwetu waliofiwa na wazazi. Fedha huzichota kwenye droo ya mauzo, kwa hiyo mwezi ambao saruji haitoki, ada nayo hukwama. Mfano ninaoutazama ni wa marehemu Dkt. Reginald Mengi, mwana wa Machame, aliyejenga kampuni za IPP huku akisaidia watu wengi. Je, nisajili taasisi sasa, au nisubiri biashara isimame imara?

Mkaguzi wa Hesabu

Ndugu yangu, umechagua mfano mzuri, lakini utazame tangu mwanzo wake. Mengi alisomea uhasibu Uingereza, akarudi nyumbani na kupanda hadi kuiongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand hapa Tanzania. Katika miaka ya 1980, peni zilipoadimika madukani, aliagiza vipande vyake kutoka nje na kuviunganisha nyumbani kwake, kazi ya uhasibu akiwa bado nayo. Aliiacha mwaka 1989, biashara ilipokwisha kupata miguu. Viwanda, magazeti, Radio One na ITV ni matunda ya mtu aliyejua kila shilingi imeingilia wapi na imetokea wapi. Ndiyo maana hiyo droo yako inanitia wasiwasi kuliko suala la usajili. Fungua akaunti ya pili benki, na fedha za ada zisipite tena dukani.

Shangazi wa Kibosho

Mwanangu, hongera kwa moyo huo. Hesabu ni muhimu, ila usisubiri utajiri. Mengi alikuwa akiwaalika watu wenye ulemavu chakula cha mchana Dar es Salaam mwaka hadi mwaka, akakaa nao na kuwasikiliza, jambo ambalo sisi tunaolea watoto wenye ulemavu hatulisahau, kwa sababu wapo wengi wanaotoa bila hata kumtazama usoni wanayempa. Waite vijana wako uwaulize wanakwama wapi. Huenda ada si tatizo kubwa kuliko nauli au vifaa vya karakana.

Wakili

Kwa vijana wachache huhitaji usajili: lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo na utunze stakabadhi. Ukianza kupokea michango ya watu wengine, hapo unda bodi ya wadhamini na uisajili kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ili mali iwe ya bodi na kazi iendelee hata usipokuwepo. Mfanyabiashara Mohammed Dewji alikuwa ameongoza MeTL, kampuni ya familia yake, kwa miaka mingi kabla ya kuanzisha taasisi yake mwaka 2014, na mwaka 2016 akaahidi kutoa angalau nusu ya mali yake.

Mwenye Duka, Moshi

Nawashukuru sana, hasa wewe shangazi. Akaunti nitaifungua wiki hii. Je, nitenge asilimia ngapi ya mauzo?

Mkaguzi wa Hesabu

Usikate kwenye mauzo, kata kwenye faida baada ya kodi. Chagua kiwango utakachokimudu hata wakati wa masika, ujenzi unaposimama, na usipokee kijana mpya kabla akaunti haijabeba ada ya mwaka mzima ya hao ulio nao.