Tupeane uzoefu: klabu ya masomo chuoni kwenu ilianzaje, na iliishia wapi?

Mwanzilishi wa uzi
Wadau wa Moshi na Arusha, habari za jioni. Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya marehemu kaka yangu hapa Soweto ya Moshi, nikakuta kaunta buku la kava gumu limeandikwa "Mihtasari". Ni la klabu ya wanafunzi wa ushirika, alipokuwa anasoma Chuo cha Ushirika, Sokoine Road, 1996. Kikao cha kwanza wamehudhuria watu 14, kila mmoja katoa shilingi 200 za karatasi. Cha mwisho kinaishia kwenye neno "Yatokanayo", chini yake peupe.

Historia ya chuo inajulikana: kilianza 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) mwaka 2004, na 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Ila hao 14 utawasoma wapi? Naumia kwa kweli. Nani ana kumbukumbu za klabu yake?

Mzee wa Kibosho
Pole sana kwa msiba, mdogo wangu. Mimi nilikuwa hapo 1987. Sisi tulianza kwa swali ambalo darasani lilipitwa haraka: kwa nini vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, halafu sheria ya 1982 ikavirudisha? Wengi wetu ni watoto wa kahawa. Baba zetu walikuwa wanachama wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kilichotokana na ule umoja wa wakulima wa 1925. Swali lilikuwa la nyumbani kabisa.

Basi tukapanda Kibosho kwa miguu kumwona mzee mmoja mkulima. Hakutuhutubia. Alichota kahawa mbivu, nyekundu, akamwagia kila mtu kiganjani, akauliza: kilo ngapi za hizi zinatoa kilo moja ya kahawa ya maganda, yaani punje zilizomenywa na kukaushwa zikiwa bado na ganda la ndani? Kimya. Wanafunzi wa ushirika, mwaka wa pili! Akatuambia kama tano, kisha akatuonyesha ndoo, mashine ya kumenya, na vichanja vya kuanikia. Siku ile ndiyo nilielewa mkulima anakatwa nini anapopokea malipo ya kwanza. Tukakubaliana kila mwaka wapya wapelekwe kwake.

Binti Njiro
Shikamoo mzee. Yangu inauma. Chuo kimoja hapa Arusha, klabu ya uhasibu. Jumamosi tulikuwa tunakokotoa pepa za nyuma za bodi ya uhasibu, aliyefaulu anamvuta aliyekwama, bure. Mimi nilifeli mara mbili, waliniokoa wao. Mwenyekiti akahitimu, akaondoka na muhuri. Aliyefuata hakukabidhiwa hata orodha ya wanachama. Halafu chumba chetu kikatakiwa kiwe stoo ya viti, madaftari yakatolewa nje, yakanyeshewa. Nilirudi kuchukua cheti nikayaona yameshikana kama mkate. Sikuweza kufungua hata moja.

Mdau Sakina
Upande wa Kiswahili tuna bahati kidogo, maana kuna CHAWAKAMA tangu 2004, inaunganisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Tawi likilegea, wenzao wa chuo kingine wanaliulizia. Klabu isiyo na ndugu nje ya geti ikishakosa viongozi mwaka mmoja, ndiyo basi.

Mzee wa Kibosho
Umesema kweli, mdau. Na makabidhiano yafanyike mbele ya mwalimu mlezi, mwezi mmoja kabla ya mitihani ya mwisho. Baada ya mitihani hakuna anayekaa, kila mtu yuko stendi na begi.

Mwanzilishi wa uzi
Asanteni. Shemeji amekubali, naanza kupiga picha kurasa zote nizipeleke maktaba ya chuo. Mzee, nimefika ukurasa wa 17, mwandiko wa kaka mwenyewe. Agenda ya nne: "Wanachama wapya kwenda Kibosho kwa mzee wa kahawa, kama ilivyo desturi ya klabu."

Mzee wa Kibosho
Nitumie picha ya huo ukurasa, mwanangu. Huo kwanza.