Naomba ushauri: nafutaje kuki (vifaili vidogo ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari ili ikukumbuke) za tovuti moja bila kutolewa kwenye akaunti zote?

Wakuu, habari za muda huu. Nina steshenari ndogo, wateja huja kujaziwa fomu mtandaoni. Tangu juzi kuna tovuti moja ya maombi, nikibonyeza kuingia, kale kaduara kanazunguka weee, halafu inanirudisha palepale kwenye ukurasa wa kuingilia. Nenosiri ni sahihi, maana nikifungua lile dirisha la siri la Chrome naingia mara moja. Kwenye simu pia inakubali. Nimepiga Ctrl na F5 ili ukurasa upakiwe upya, wapi.

Kijana wa duka la jirani kasema nibonyeze Ctrl, Shift na Delete, nichague muda wote, nifute kila kitu. Hapo ndipo ninapoogopa. Mwaka jana nilifanya hivyo kwa haraka, nikatia tiki kila kiboksi, manenosiri yote niliyohifadhi yakaenda na maji. Barua pepe ya dukani ikawa inadai namba ya uthibitisho, nayo inatumwa kwenye laini iliyokwishapotea. Siku tatu nahangaika, mteja mmoja akaniita tapeli (simlaumu sana).

Sasa naomba kujua: kuna namna ya kufuta kuki na kache (nakala za kurasa na picha ambazo kivinjari huhifadhi) za tovuti hiyo moja tu, nyingine nisiziguse? Na nikitia tiki kwenye kuki peke yake, manenosiri yanabaki?

Natumia Windows 10, RAM GB 4. Tafadhali msiniambie nipakue kivinjari kingine, hata hiki kimoja kinahema.