Ushauri: neno "klasta" limenivurugia sura ya pili ya tasnifu, na data yangu nayo inanipa makundi nisiyoyaelewa

Nuru_ya_Anga (mwenye uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wenu, maana nimebakiza wiki tatu na msimamizi wangu yuko safarini.

Niko mwishoni mwa shahada ya uzamili. Kazi yangu ni kutafuta nyota zilizozaliwa pamoja ndani ya data ya Gaia, chombo cha angani kinachojulikana kwa kupima mahali na mwendo wa nyota, na hesabu nazifanyia kwenye klasta ya kompyuta ya idara. Nilimpelekea msimamizi sura ya pili, akanirudishia ikiwa na swali lilelile kwa kalamu nyekundu pembeni mwa kila ukurasa: "Klasta ipi?" Nimeipitia tena nikaona ana haki. Kuna klasta ya kompyuta zinazopiga hesabu, kuna klasta aliyonielezea jamaa wa mtandao tulipokuwa tunahamisha data, kuna makundi yanayotolewa na algoriti, na kuna nyota zenyewe. Zote nimeziita klasta, wakati mwingine ndani ya sentensi moja.

Swali la kwanza: haya mambo yana undugu wowote, au ni jina tu limefanana? Sura yangu inategemea jibu hilo.

Swali la pili linanikosesha usingizi zaidi. Nimechukua kipande cha anga kuzunguka Kilimia, nikaendesha k-means, algoriti inayogawa nukta katika makundi kwa idadi (k) unayoitaja mwenyewe, kwa k=5. Nimepata makundi matano safi kabisa, kila moja na rangi yake kwenye mchoro. Kilimia naijua, ni moja. Hayo manne ni nini? Nimegundua kitu au nimeharibu?

MtazamaNyota

Hongera kwa kazi, dada. Mimi nianze na upande wa nyota, halafu wataalamu wa mitambo watafuata.

Kwanza rekebisha maneno. Usiandike "kundi la nyota", kwa sababu tayari tuna *kundinyota*, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kundinyota ni mchoro tunaouona kutoka huku tulipo. Nyota za Jabari zinaonekana zimekaa pamoja, lakini ziko kwenye umbali tofauti sana na baadhi hazina habari na wenzake. Kwa nyota zilizozaliwa kwenye wingu moja la gesi zikaendelea kusafiri pamoja, tunalo neno *fungunyota*. Kilimia ni fungunyota: nyota zaidi ya 1,000, umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, umri wa kama miaka milioni 100 na ushei. Ukitenganisha maneno hayo mawili, nusu ya kalamu nyekundu itaondoka.

Na usidhani ni suala la lugha tu. Wanaastronomia wenyewe wameteleza hapo. Kwenye kundinyota la Mbweha kuna nyota kumi hivi zilizojipanga kama kiango cha nguo. Ziliingizwa kwenye orodha ya mafungunyota kwa jina Collinder 399, zikaitwa fungunyota kwa miaka mingi. Vipimo vya setilaiti ya Hipparcos vilipokuja, ikaonekana nyota hizo zimepishana sana kwa umbali na kila moja inakwenda zake. Vivyo hivyo M73 kwenye orodha ya Messier: nyota nne, na mwaka 2002 ikathibitishwa kwamba zimekutana machoni petu tu.

Kwa hiyo swali langu kwa kila kitu unachokiita klasta ni hili: *ni nini kinachowashika hawa pamoja?* Fritz Zwicky mwaka 1933 aliuliza hivyo kuhusu kundi la galaksi la Coma. Aliona galaksi zinakimbia kasi kubwa kuliko mata inayoonekana inavyoweza kuzizuia zisitawanyike. Hoja ya mata giza, yaani mata isiyoonekana, inarudi kwenye swali hilo.

Mgeni_2

Mbona unajichosha? Andika klasta kote, weka ufafanuzi mmoja mwanzoni, msomaji ataelewa kwa muktadha.

FundiNodi

Mgeni_2, kwa heshima zote, sikubaliani. Msimamizi wake ni msomaji mzoefu na hakuelewa kwa muktadha.

MtazamaNyota ameuliza swali zuri, niruhusuni nilijibu kwa upande wa kompyuta. Kinachoshika klasta ya kompyuta ni makubaliano, siyo kebo. Unaweza kuwa na mashine ishirini kwenye swichi moja na zisiwe klasta. Zinakuwa klasta pale zinapokubaliana nani yumo, nani hayumo, na kazi hii anaishika nani. Kila nodi, yaani kila mashine ya klasta, inatuma ujumbe mfupi kila baada ya muda, tunauita mapigo ya moyo. Mapigo yakikoma, wenzake wanaihesabu imekufa.

Hapo ndipo palipo na hatari, na nimeumia hapo mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa nasimamia klasta ya seva mbili zinazotumia diski moja ya pamoja. Kebo iliyokuwa inabeba mapigo ya moyo ikalegea. Seva zote mbili zilikuwa nzima, ila kila moja ikaamini mwenzake amekufa, na kila moja ikaanza kuandika kwenye ile diski. Kufikia alfajiri hapakuwa na faili la kuaminika. Nilikaa siku mbili narudisha data kutoka kwenye nakala za akiba, na ya siku ile ya mwisho haikurudi.

Dawa yake ni akidi, akidi ileile ya kikao. Sehemu isiyo na zaidi ya nusu ya wajumbe hairuhusiwi kuamua lolote. Nodi tatu zinavumilia kifo cha moja, tano zinavumilia mbili. Nodi nne hazikuongezei kitu juu ya tatu, kwa sababu zaidi ya nusu ya nne ni tatu, kwa hiyo bado unavumilia kifo cha moja tu.

Klasta yako ya hesabu ni ya ukoo mwingine kidogo. Hiyo imetokana na Beowulf ya mwaka 1994, pale Thomas Sterling na Donald Becker walipounganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486 kwa Ethernet, kwenye kituo cha Goddard cha NASA. Waliijenga kwa ajili ya wanasayansi wa dunia na anga. Liweke hilo kwenye sura yako: aina ya klasta unayotumia ilizaliwa kwa kazi zinazofanana na yako.

RutaMbili

Naongezea upande wa mtandao. Huyo jamaa wa mtandao bila shaka alikuwa anazungumzia BGP ya ndani, itifaki ambayo ruta (vifaa vinavyoelekeza data) hupashana njia. Kanuni yake ya asili inataka kila ruta iongee na kila ruta nyingine, yaani mazungumzo n(n−1)/2 kwa ruta n. Ruta 10 ni mazungumzo 45. Ruta 40 ni 780. Hakuna anayetaka kuzisimamia 780. Kwa hiyo unachagua ruta moja au mbili kuwa viakisi: zinapokea njia kutoka kwa wateja wao na kuwarudishia wengine. Kiakisi na wateja wake ndio klasta, ina namba yake ya utambulisho, na namba hiyo ipo ili njia isije ikazunguka na kurudi ilikotoka. Kinachowashika pamoja ni mstari mmoja kwenye mipangilio. Ukiufuta, klasta haipo.

Kuna nyingine kwenye mitandao ya vihisi vya betri. Vihisi vinajigawa makundi, kila kundi lina kiongozi anayekusanya vipimo vya wenzake, kuvifupisha na kuvirusha mbali. Kurusha mbali kunakula betri, ndiyo maana kwenye itifaki ya LEACH ya mwaka 2000 uongozi unazunguka, asichoke mmoja.

MtazamaNyota

RutaMbili, hiyo n(n−1)/2 yako imenishtua, maana ndiyo hesabu yetu. Kila nyota inavuta kila nyota nyingine. Nyota 1,000 ni jozi 499,500, na unazirudia kwa kila hatua ya muda. Mwaka 1960 Sebastian von Hoerner aliiga mwendo wa fungunyota kwa kompyuta akiwa na nyota zisizozidi 16. Mwaka 1986 Josh Barnes na Piet Hut wakatoa njia ya mti: nyota zilizo mbali na zimekaribiana unazichukulia kama mwili mmoja wenye uzito wao wote, unaokaa kwenye kitovu chao. Je, si ndicho kiakisi chako?

RutaMbili

Karibu, ila si chenyewe. Kiakisi hakifupishi kitu, kinapeleka njia kama ilivyo, kinachopungua ni idadi ya mazungumzo tu. Mti wa Barnes na Hut unafanana zaidi na kiongozi wa vihisi: wengi wa mbali wanawakilishwa na mmoja, na unakubali kupoteza usahihi kidogo. Dada, kama unatafuta undugu wa kweli kati ya mtandao na anga, uko hapo. Ila andika tofauti hiyo, usiwachanganye.

Takwimu_Tu

Nimesoma uzi wote na hakuna aliyegusa swali la pili, wakati ndilo lenye hatari. Dada Nuru, hujagundua mafungunyota manne, na usipeleke mchoro huo popote.

K-means haijawahi kukataa. Ukiiambia k=5 itakupa tano, hata ukiipa nukta zilizomwagwa ovyo bila kundi lolote. Kazi yake ni kukata uwanja wote vipande, kila nukta lazima iwe na kwao. Kwenye kipande chako cha anga nyota nyingi mno ni za kupita tu, hazina fungunyota. K-means haina pa kuziweka hizo. Imezigawa vipande vinne, ukaziona safi kwa sababu mipaka yake siku zote ni mistari iliyonyooka.

Unahitaji algoriti inayojua kusema "huyu si wa kwetu". DBSCAN ya mwaka 1996 inafanya hivyo: nukta ikikosa majirani wa kutosha ndani ya umbali uliouweka, na isiwe karibu na nukta iliyo nao, inaachwa nje kama kelele. Na msidhani wanaastronomia walisubiri. John Huchra na Margaret Geller mwaka 1982 walipanga galaksi kwa njia ya rafiki wa rafiki: ukiwa karibu nami wewe ni rafiki yangu, na rafiki yako ni rafiki yangu pia. Ni binamu yake kabisa. Udhaifu wake ni daraja: nyota mbili tatu za kupita zikikaa katikati, makundi mawili yanaungana kuwa moja.

Sasa nikuulize. Ulitumia safu zipi, na ulizipima kwa mizani moja?

Nuru_ya_Anga

Asanteni sana wakuu, sikutarajia haya. Takwimu_Tu, nilitumia safu mbili tu, pembe mbili za mahali nyota ilipo angani. Na sikubadili mizani yoyote.

Takwimu_Tu

Basi ulikuwa unatafuta kundinyota, kwa maneno ya MtazamaNyota. Mahali peke yake hapatoshi, ndiko walikoteleza wa Collinder 399. Gaia inakupa vitu vitano: pembe mbili za mahali, paralaksi (kuyumba kidogo kwa nyota tunapolizunguka jua, ndiko kunakotupa umbali), na mwendo wa nyota angani kwa pande mbili. Tumia vyote.

Pembe ya kwanza izidishe kwa kosaini ya pembe ya pili, kwani mistari yake inabanana kadiri unavyoelekea kwenye ncha ya anga. Kilimia iko nyuzi 24 kaskazini, ukisahau utakuwa unaivuta kwa asilimia kama tisa upande mmoja. Kisha kila safu ipunguzie wastani wake na uigawe kwa mchepuko wastani, la sivyo safu yenye namba kubwa itazimeza nyingine. Ondoa nyota ambazo paralaksi yake ina kosa kubwa.

Kisha tazama. Kilimia inapaswa kujitokeza kwenye paralaksi ya kama milisekunde 7.4 za tao, mwendo karibu +20 na −45 kwa mwaka. Isipotokea hapo, tatizo ni mipangilio yako, si anga.

Nuru_ya_Anga

Nimerudi baada ya siku tatu. Imetokea! Fungu moja, palepale kwenye 7.4, na mwendo ni huohuo. Yale manne yameyeyuka yote, nyota zake karibu zote zimebaki kelele. Nilikaa nikiangalia mchoro wa mwendo kwa muda mrefu: wingu pana limezagaa katikati, na pembeni chini kidoa kidogo kilichokaza, kimejitenga. Hicho kidoa ndicho Kilimia. Kwenye mchoro wangu wa kwanza kilikuwa kimefunikwa kabisa.

Limebaki moja. FundiNodi, nimeomba nodi 32 ili niendeshe anga yote, na jaribio limechukua muda mrefu kuliko nilipotumia nodi 4. Inawezekanaje?

FundiNodi

Inawezekana, na hutokea kila siku. Gene Amdahl alishalieleza mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayokuwekea ukomo. Kama asilimia kumi ya kazi yako lazima ifanywe na mmoja, hutapita kasi mara kumi hata ukiwa na nodi elfu. Na wewe umeongeza jingine juu yake: nodi 32 zinaulizana kila mara "jirani wa nyota hii yuko kwako?" Muda wote unaishia kwenye mtandao.

Usigawe algoriti, gawa anga. Gaia ya mwaka 2022 ina vyanzo karibu bilioni 1.8, ikate vipande, kila kipande kazi moja kwenye foleni, nodi isiongee na yeyote hadi imalize.

Takwimu_Tu

Ila vipande vipishane kingoni, na upana wa kupishana uzidi fungunyota kubwa kabisa unalotarajia. Vinginevyo litakalokaa mpakani utalipata nusu huku na nusu kule, na utaliandika mara mbili. Baada ya hapo linganisha orodha za vipande jirani: mafungu mawili yenye nyota zilezile ni fungu moja. Mafungunyota ya karibu sana, kama Hyades ambayo iko miaka ya nuru 150 hivi, yatakusumbua hata hivyo. Imetanda sehemu kubwa ya anga, na nyota zake zinaonekana kwenda pande tofauti kidogo kwa sababu tu ziko karibu nasi. Hiyo ifanyie kazi peke yake.

Nuru_ya_Anga

Sawa wakuu. Leo usiku naanza kukata vipande, Hyades naiweka pembeni. Sura ya pili naiandika upya kwa swali la MtazamaNyota, nini kinawashika, na kila aina naijibia peke yake: mvutano, akidi, mstari wa mipangilio, umbali tuliouchagua sisi. "Klasta" nitaiacha kwa kompyuta na ruta, nyota ni fungunyota, matokeo ya algoriti nitayaita makundi. Jedwali la kwanza nikilipata nitalileta hapahapa mlikague kabla halijafika kwa msimamizi.