Kipigo kwenye filamu na riwaya: tuonyeshwe chote?

Kalamutupu: Wakuu, nimeangalia filamu ya hapa nyumbani, mume anamchapa mkewe mkanda mpaka nikatamani kuzima. Kamera haibanduki usoni kwa mama wa watu. Hii ni sanaa au biashara ya machozi? Halafu riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, eti ndiyo ilipigwa marufuku mashuleni!

Ticha Mstaafu: Ilipigwa marufuku kwa ajili ya ngono, kijana. Zakaria, baba yake Rosa, anamtwanga bintiye kisa barua ya mvulana, hapo hakuna mkubwa aliyeshtuka. Rosa alipoanza wanaume ndipo maadili yakakumbukwa.

Mtoto wa Kiwalani: Ila Kanda ya Ziwa bwana, kupiga mke kwao ni salamu 😂

Binti Nansio: Koma! Nimezaliwa Ukerewe, baba hajawahi kumnyanyulia mama mkono. Nyie wa Dar mnaongeza sauti ya redio ili majirani wasisikie.

Mtoto wa Kiwalani: Povu la nini dada? Kezilahabi si wa hukohuko Ukerewe? Yeye ndiye kawasema.

Binti Nansio: Kamsema mlevi mmoja, wewe umeshahukumu mikoa yote. Na hakuandika ili ucheke.

Ticha Mstaafu: Wanacheka, binti yangu. Kitabu kiliporuhusiwa nilikifundisha. Nikifika kwenye kile kipigo, wavulana wa nyuma wanagongeana mikono.

Mjumbe: Bodi ya Filamu ipo, inapanga madaraja ya umri, na sheria ipo tangu 1976. Nyie nunueni tu CD za barabarani halafu mlalamike.

Kisu cha Mama: CD? Mzee bado una deki?

Mjumbe: Ninayo, na inafanya kazi kuliko simu yako ya mkopo.

Kalamutupu: Jamani, mada! Sijasema wafiche. Zakaria namjua: pombe yake, ubabe wake, na nyumba yake inavyoteketea mpaka Rosa anajiua. Kwenye ile filamu mwanamke hata jina hana. Anapigwa, analia, mwisho anasamehe, wanaenda ufukweni.

Mtoto wa Kiwalani: Kasamehe ndoa imepona, kosa liko wapi?

Binti Nansio: Nauli ya basi mpaka Mwanza na kivuko mpaka Nansio natoa mimi. Njoo umwambie mama yangu hayo uso kwa uso.

Mtoto wa Kiwalani: Na ya kurudi?